Kwa nini askari asiye na kofia hapigi saluti

Kila baada ya tukio lenye askari wengi, Mwenge ukipita wilayani au kiongozi akija kuzindua mradi wa maji, kuna lalamiko ambalo halikosi kwenye ujumbe wa wasikilizaji: "Yule askari mbona hakumpigia saluti mkuu wa wilaya? Amemdharau." Si lalamiko dogo. Kijijini, askari akionekana amemdharau mkubwa wake, hadithi inaanza papo hapo. Kuna ugomvi juu, kuna mtu anahamishwa, serikali haielewani. Mpaka jioni habari imefika mnadani ikiwa imeota miguu.

Mara nyingi jibu liko kichwani pa yule askari. Hakuwa amevaa kofia.

Katika majeshi yetu, ambayo desturi zake nyingi zilianzia kwa Waingereza, saluti ya mkono na kofia ya sare haviachani. Askari aliye kwenye sare lakini hana kofia hapeleki mkono kichwani. Anasimama wima, visigino vimekutana, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele. Mkao huo unaitwa mguu sawa, na wenyewe husema askari "amekakamaa". Hiyo ni heshima kamili. Haipungui kitu mbele ya saluti ya mkono, na mkubwa wake anaipokea hivyo hivyo. Aliyekosea ni yule ambaye angepeleka mkono kwenye kichwa kitupu.

Ukilijua hilo moja, mengi unayoyaona uwanjani yanaanza kueleweka, hata yale yanayokuhusu wewe raia.

Saluti ilitoka kwenye kofia

Kuna hadithi maarufu kwamba saluti ilianza na wapiganaji wa Ulaya wa zamani waliovaa kofia za chuma zenye kifuniko cha uso. Wakikutana, eti kila mmoja alifunua uso kwa mkono wa kulia ili atambulike na kuonyesha kwamba hakushika silaha. Ni hadithi tamu lakini ushahidi wake ni mdogo. Historia yenye maandishi ni ya kawaida zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa.

Wanajeshi wa Uingereza zamani walikuwa wakivua kofia mbele ya maofisa wao, kama raia walivyofanya mbele ya wakubwa. Sasa fikiria askari anayevua na kuvaa kofia mara hamsini kwa siku, na mikono imejaa masizi ya baruti. Kofia zilichafuka na kupoteza umbo. Mwaka 1745 kikosi cha Coldstream Guards kiliwaamuru askari wake waache kuvua kofia wakipishana na ofisa. Watosheke kupeleka mkono kwenye kofia na kuinama kidogo. Vikosi vingine vikafuata. Baadaye kuinama nako kukaachwa, ukabaki mkono.

Kwa hiyo saluti ni kuvua kofia kulikofupishwa. Mkono unakwenda kichwani kana kwamba unakwenda kuvua, halafu unaishia pale. Kama hakuna kofia, mkono unakwenda kufanya nini?

Wazee wetu wa Ngara na Biharamulo hawahitaji maelezo marefu hapa. Wapo wengi ambao mpaka leo, wakikutana njiani na mtu wa heshima, huvua kofia kwanza ndipo waamkiane. Askari anafanya jambo hilo hilo kwa njia ya mkato.

Sehemu zetu zimeona kofia za majeshi mengi. Wajerumani, ambao boma lao bado limesimama Biharamulo, waliwavalisha askari wao wa Kiafrika tarbushi ya rangi ya kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, yakaja majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo. Kisha Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na vijana wa nchi hii wakaingia kikosi cha King's African Rifles, wengi wakikiita KAR tu. Hao nao walikuwa na tarbushi zao za gwaride, na waliokwenda kupigana Burma katika Vita Kuu ya Pili walivaa kofia za pama. Sheria za saluti walizofundishwa ndizo zilizorithiwa na Tanganyika Rifles baada ya uhuru.

Tanganyika Rifles yenyewe haikudumu. Januari 20, 1964 askari wake waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ikalivunja jeshi lile, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Jeshi likawa jipya, lakini mkono uliendelea kwenda kwenye kofia.

Anayeheshimiwa ni nani

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Saluti haimwendei mtu kwa sababu ni mzee, ana mali au ni mwema. Inakwenda kwenye mamlaka aliyoyabeba. Mdogo kwa cheo ndiye anayeanza, mkubwa anajibu. Kijana wa miaka 25 aliyetunukiwa kamisheni na Rais pale Monduli, mwenye nyota moja begani, yaani Luteni Usu, atapigiwa saluti na sajenti mwenye umri wa baba yake. Sajenti yule hajishushi. Anaiheshimu kamisheni, na kijana naye analazimika kuirudisha. Mkubwa asiyejibu saluti amevunja desturi sawasawa na mdogo asiyeipiga.

Kwa mapokeo hayo ya Kiingereza, saluti ya mkono ni kwa maofisa wenye kamisheni, kuanzia Luteni Usu kwenda juu. Wenye tepe mkononi, koplo na sajenti, pamoja na maofisa wateule, wanaheshimiwa kwa kukakamaa na kuitwa "afande", lakini mkono haupandi. Kwa hiyo usishangae kumwona askari akimsimamia wima ofisa mteule mwenye mvi bila saluti, kisha akampigia saluti kwa nguvu luteni ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota.

Na mkuu wa wilaya, ambaye ni raia aliyevaa suti? Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, kama mkuu wa mkoa alivyo kwa mkoa. Polisi wanampigia saluti kwa sababu ya kiti hicho. Yeye hajibu kwa mkono kwa kuwa hana sare wala kofia ya sare. Anasimama vizuri, anaitika kwa kichwa au kwa neno, basi imepokelewa. Mkuu wa wilaya akipandisha mkono kujibu, hakuna atakayemkamata, ila askari wazee watatazamana.

Mkoa wetu umekuwa na somo zuri la jambo hili. Kati ya 2016 na 2022 Kagera iliongozwa na wakuu wa mkoa watatu mfululizo wenye vyeo vya jenerali: Meja Jenerali mstaafu Salum Kijuu, Brigedia Jenerali Marco Gaguti, kisha Meja Jenerali Charles Mbuge. Desturi kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba akiwa ndani ya suti anapokea heshima kama kiongozi wa kiraia. Akiwa ndani ya sare na kofia, anajibu kwa mkono kama ofisa. Kinachobadilika ni vazi.

Kwa Rais ni vivyo hivyo. Rais wa Tanzania ni Amiri Jeshi Mkuu, hakuna aliye juu yake jeshini. Lakini ni raia. Mtazame Rais Samia Suluhu Hassan kwenye sherehe za kitaifa: anasimama jukwaani ametulia, gwaride linatoa heshima, wimbo wa taifa unapigwa, mizinga 21 inalia, kisha anashuka kukagua. Mtandio wake ni vazi la heshima na la imani, hauhesabiwi kofia ya sare, na hakuna anayemngoja apandishe mkono. Marekani wana tabia tofauti. Kuanzia Ronald Reagan mwaka 1981, marais wao wamezoea kujibu saluti za wanajeshi wakiwa ndani ya suti, bila kofia. Wenyewe kwa wenyewe wamebishana sana kama ni sawa. Mimi naona utaratibu wetu ni safi zaidi, lakini kila nchi na yake.

Na ndiyo maana video za simu zinapotosha. Kijana anatazama askari wa Marekani akifanya hivi, wa Uingereza vile, halafu anamhukumu askari wa Kabanga. Hata kiganja hakifanani. Jeshi la nchi kavu la Uingereza huonyesha kiganja kwa mbele. Wanamaji wao hukielekeza chini, na simulizi yao ni kwamba mikono ya mabaharia ilikuwa michafu kwa lami ya meli, haikufaa kuonyeshwa kwa mkubwa. Wamarekani nao hukielekeza chini. Wapolandi hutumia vidole viwili tu, na wao ni wakali hasa kuhusu kofia. Skauti wa shuleni hapa kwetu wanatumia vidole vitatu, nayo ni saluti ya skauti, haina uhusiano na cheo cha jeshi.

Yanayoonekana barabarani

Saluti inapigwa kwa mkono wa kulia. Askari wanafundishwa kwamba mkono unapanda kwa njia ndefu na kushuka kwa njia fupi: unazunguka kutoka ubavuni mpaka kwenye ukingo wa kofia, ukirudi unashuka moja kwa moja. Aliyebeba kitu mkono wa kulia anakihamishia kushoto. Mikono yote ikiwa na mzigo, anageuza uso kumwelekea mkubwa na kunyoosha mwili. Anayeendesha gari au pikipiki hapigi saluti akiwa mwendoni, na tumshukuru Mungu kwa hilo, maana barabara zetu zinatosha kwa hatari zilizopo. Kikosi kikiwa kinatembea kwa pamoja, anayekiongoza ndiye anayepiga saluti; wengine hugeuza nyuso. Askari mwenye bunduki kwenye gwaride ana heshima ya silaha, hainui mkono kichwani.

Desturi hii haiko JWTZ peke yake. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wote wanapiga saluti. Wasikilizaji wanaokaa kando ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato wamezoea pia kuwaona askari wa uhifadhi wakisimama na kupigiana saluti, kwa kuwa taasisi za hifadhi sasa zinaendeshwa kwa mfumo wa jeshi usu. Kila jeshi lina vyeo vyake na kofia zake. Hata mlinzi wa kampuni pale getini utamwona akilipigia saluti gari la tajiri. Hiyo ni adabu ya kazi yake, haina sheria nyuma yake.

Wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita wanaijua sura nyingine. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa Julai 10, 1963, na mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994, yakarudi 2013. Vijana hupelekwa kambi kama Bulombora, Kanembwa na Mtabila za Kigoma, au Rwamkoma ya Mara. Kitu cha kwanza wanachojifunza, kabla ya shamba na bunduki, ni kusimama: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mbele tembea. Mtoto akirudi nyumbani na kumkakamalia mjomba wake sebuleni, msimcheke sana. Itamtoka baada ya mwezi.

Kofia yenyewe

Kofia ikibeba uzito wote huu, haivaliwi ovyo. Bereti kwa mapokeo ya Kiingereza inavaliwa ukanda wa chini ukiwa sawa juu ya nyusi, nembo juu ya jicho la kushoto, kitambaa kimevutwa upande wa kulia. Bereti iliyosukumwa nyuma kama kikapu inamtia askari mashakani kwa mkubwa wake. Ile kofia ngumu yenye ukingo mbele ni ya sare za ofisi na sherehe. Mwenye ukanda mwekundu kuzunguka kofia, kwa desturi hiyo, ni ofisa wa ngazi za juu sana. Kofia haikunjwi na kutiwa mfukoni mbele ya watu, haitumiki kupepea jasho, wala haiwekwi chini.

Rangi nayo inasema. Wengi mmewaona, kwa macho au kwenye televisheni, wanajeshi wetu wanaokwenda kulinda amani Kongo wakiwa na bereti ya bluu ya mbinguni. Wanabaki na sare ya Tanzania, ila kichwani wana rangi na nembo ya Umoja wa Mataifa. Rangi hiyo ilianza mwaka 1956 huko Suez, Misri. Walinzi wa amani walihitaji kutofautishwa haraka na majeshi yaliyokuwa yakipigana, na njia iliyopatikana ilikuwa kupaka rangi ya bluu kofia za chuma. Askari anayevaa kofia ile anasema kwamba hakuja kuteka ardhi ya mtu. Haikuwalinda wote. Desemba 7, 2017 walinzi wa amani wa Tanzania waliuawa katika shambulio la kambi yao ya Semuliki, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo.

Ndani ya nyumba, kwa kawaida, kofia inavuliwa. Ofisini askari anaingia na kofia akiwa anaripoti, anapiga saluti, anapewa ruhusa. Akikaa kupumzika au kula, anaivua. Kanisani wanaume huvua, isipokuwa wale walio kazini kama kubeba jeneza au bendera. Kwenye sala ya uwanjani kunatolewa amri ya kuvua na amri ya kuvaa, wote kwa pamoja.

Kuna kuvua kwingine kusiko kwa heshima. Askari mwenye kosa anapopelekwa mbele ya mkuu wa kikosi kusomewa shitaka, desturi iliyoachwa na Waingereza ni kwamba anaingizwa bila kofia na bila mkanda. Maelezo ya kale ni kwamba vitu hivyo vingeweza kurushwa kama silaha. Lakini kila askari anaelewa maana ya pili: kwa dakika zile hana haki hata ya kupiga saluti.

Msibani

Hili linahitaji nafasi, kwa sababu familia hukutana nalo siku ambayo hazina nguvu ya kuuliza.

Mwanajeshi anayezikwa kwa heshima za kijeshi huletwa jeneza likiwa limefunikwa bendera ya taifa, na juu yake huwekwa kofia yake, mara nyingi pamoja na mkanda na nishani kama alikuwa nazo. Kofia ile iko pale kwa niaba yake. Ndugu wasiiguse wala kuisogeza ili kuweka maua. Maua yana nafasi yake. Kabla ya jeneza kushushwa, wanajeshi wenyewe wataondoa kofia na kuikunja bendera. Tarumbeta ikilia, wenye sare na kofia hupiga saluti. Raia husimama kimya, wanaume wenye kofia za kawaida wakiwa wamezivua. Kama risasi za heshima zitapigwa hewani, ombeni mapema muelezwe ni wakati gani, ili wenye watoto wachanga, wagonjwa na wazee wasogezwe. Hapa mpakani wapo watu ambao mlio wa bunduki unawarudisha mbali.

Je, mtoto wa marehemu akipeleka mkono kichwani kumuaga baba yake? Kwa kanuni, hana sare wala kofia. Novemba 25, 1963, kwenye mazishi ya Rais John Kennedy wa Marekani, mwanawe aliyekuwa akitimiza miaka mitatu siku ile ile alilipigia saluti jeneza la baba yake akiwa kichwa wazi, na picha ile imezunguka dunia mpaka leo. Hakuna jeshi lililomsahihisha. Na sisi tusimsahihishe wetu.

Vivyo hivyo kwa wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera. Idi Amin alipovamia mwishoni mwa 1978 na kudai ardhi ya kaskazini ya mto ni yake, vijana wa mkoa huu na wa nchi nzima walikwenda, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waliobaki hai sasa ni wazee. Ukimwona mmoja kwenye sherehe ya kijiji, koti limechakaa, nishani kifuani, kichwani kapelo ya mitumba au hana kitu kabisa, anapandisha mkono unaotetemeka wimbo wa taifa unapopigwa, mwache. Kitabu cha kanuni kina lake la kusema, lakini sidhani kama kuna ofisa atakayelisema mbele yake.

Wenzao waliokufa vitani wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Kila Julai 25 ni Siku ya Mashujaa, na mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika pale pale Kaboya, yakiongozwa na Rais Jakaya Kikwete, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Luteni Kanali. Kwenye sherehe hiyo heshima haziishii kwenye saluti. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Hivyo si vitu vya Coldstream Guards. Hivyo ni vyetu, na babu yeyote wa Rulenge au Nyakahura angejua maana yake bila kuelezwa.

Raia afanye nini

Raia hadaiwi saluti, kwa askari wala kwa bendera. Anadaiwa utulivu. Jambo linalotupata wengi ni bendera ya jioni. Saa 12 asubuhi bendera inapandishwa na saa 12 jioni inashushwa kwenye vituo vya polisi na ofisi za serikali. Filimbi ikipigwa, simama ulipo. Shuka kwenye baiskeli. Bodaboda isimame pembeni na abiria atulie. Weka simu chini, vua kapelo, subiri filimbi ya pili. Hazifiki dakika mbili. Wanaoendelea kutembea wakijifanya hawakusikia ndio wanaojikuta wameitwa kituoni kujieleza. Wenye balaghashia, kilemba au mtandio hawaombwi kuvua. Hayo ni mavazi ya imani na mila.

Kumpigia saluti askari kwa utani, hasa mbele ya wenzake au akiwa kazini, sikushauri. Wengine watacheka, wengine wataona unaichezea sare. "Habari za kazi, afande" inatosha na inapendwa zaidi.

Lakini kubwa kuliko yote ni kofia ya mabaka. Minadani na kwenye marobota ya mitumba hukosi kofia, koti au begi lenye rangi zinazofanana na sare za jeshi. Mkulima anaona kitambaa kigumu cha shamba, bei nafuu, ananunua. Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, zinakataza raia kuvaa sare za majeshi au mavazi yanayofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa tangazo kwa nchi nzima likiwapa wananchi siku saba kuyasalimisha mavazi hayo, na kofia zilitajwa pamoja na makoti, suruali, viatu na mikoba. Siku saba zile zilipita zamani. Sheria ipo pale pale, kwa anayevaa na kwa anayeuza.

Kwetu sisi hatari ni mara mbili, kwa sababu tuko mpakani. Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda au Kabanga kwenda Burundi akiwa na kofia ya mabaka anaweza kuulizwa maswali na majeshi ya nchi mbili kwa siku moja, na "nilinunua mnadani" ni jibu gumu kuthibitisha usiku. Kama unayo nyumbani, usiigeuze kitambaa cha kufutia pikipiki, na usimpe kijana akavae shambani. Ipeleke kambi ya jeshi iliyo karibu au kituo cha polisi, ukiwa umeitia kwenye mfuko. Usiende umeivaa.